Chumba Kilichokalia Mfuniko

Sehemu ya Tisa

Kidole cha Mipango kilikuwa bado hewani, na kilikuwa kinaonyesha mlango wa chumba cha sita.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo miongoni mwenu walionilaani. Dereva wa gari la maji taka alikuwa amesimama katikati ya ua, bomba nene limemlalia begani, ameuliza swali dogo tu: mfuniko wa shimo uko wapi? Mama Pacha alikuwa ameshafungua kinywa kujibu kwamba uko nyuma ya ukuta, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na mumewe. Kabla hajasema neno, mumewe akanyoosha kidole upande mwingine kabisa.

"Wapi?" dereva aliuliza tena.

"Hapo," Mipango alisema.

"Hapo ni chumba cha mtu."

"Chini yake."

Ua mzima uligeukia mlango huo.

Kwa anayeanza kusoma leo, nitasema upesi, maana harufu haisubiri. Mipango ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi. Jina hilo alibandikwa na wenzake kazini, kwa sababu kila akiulizwa jambo hujibu kwamba kuna mipango. Mkewe, Mama Pacha, amesimama kwenye mashine za kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli tangu pacha wake wakiwa wanatambaa, na sasa pacha wenyewe wana ndevu na wanaishi kwao. Miguu imemvimba hadi viatu vinamkataa. Wawili hawa walijinyima, wakajenga vyumba vitano vya kupangisha, baadaye kikaongezeka cha sita. Mwezi uliopita, mumewe alipomtia mkononi faida ya kwanza ya nyumba, Mama Pacha aliaga kazi. Wala hakuaga kimya kimya. Alimwambia msimamizi wake mbele ya watu kwamba mashuka yake ayapige pasi mwenyewe.

Kwa hiyo nyumba hii ikifa, Mama Pacha anarudi kusimama kwenye mashuka. Shikeni hilo tu, mengine yatajieleza.

Na leo vyoo vyote vimegoma, maji machafu yamepanda hadi bafuni, na wapangaji wamejaa uani wakiwa wameziba pua.

"Baba Pacha," Mama Pacha alisema taratibu. Akimwita mumewe taratibu namna hiyo, kaa mbali. "Uliniambia mfuniko umehamishiwa nyuma ya ukuta."

"Ulikuwa uhamishwe," Mipango alisema. "Kulikuwa na mipango."

"Nilikuuliza. Niliporudi kutoka kumwuguza mama, nikakuta chumba kipya kimesimama pale pembeni, nikakuuliza kwa mdomo wangu huu. Ukanijibu umehamishwa. Hukusema utahamishwa."

"Ni tofauti ndogo tu, mke wangu."

"Ndogo? Basi ingia bafuni ukaioge hiyo tofauti!"

Mlango wa chumba cha sita ukafunguka kidogo. Likatoka jicho, ikafuata tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni, mwisho akatoka mwenyewe, Mama Cherehani. Ni mshonaji wa nguo za harusi, mpangaji asiyekopa, asiyepiga kelele, aliyelipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Mpangaji wa namna hiyo mwenye nyumba anamwombea dua.

"Nasikia chumba changu kinatajwa tajwa," alisema. "Kuna nini?"

"Jirani yangu, tunaomba kuingia mara moja tu," Mipango alisema kwa sauti ya kubembeleza.

"Na hiyo sururu uliyoshika?"

"Hii ndiyo ya kuingilia."

Mama Cherehani akaufungua mlango wote ili kila mtu aone. Ndani kulikuwa na mashine mbili, pasi inayofuka moshi, na magauni meupe yaliyotundikwa ukuta mzima, la bibi harusi na ya wasindikizaji wake wote, yakiwa yamefunikwa shuka kama wagonjwa. Chini, vigae vilikuwa vinang'aa.

"Harusi ni Jumamosi," alisema. "Mkivunja hapa, vumbi na uvundo vinaingia kwenye satini. Nimwambie nini bibi harusi? Aende kuolewa ananuka choo?"

"Tutavunja kidogo, kati ya kitanda na mashine."

"Kati ya kitanda na mashine ndipo ninapoishi! Kodi yangu nimelipa ya mwaka. Mwaka wenyewe haujafika hata nusu. Mtu asiguse sakafu yangu."

Mlango ukafungwa. Komeo likalia.

Kinyozi, mpangaji wa chumba cha pili, ndiye aliyekuwa mdomo wa wenzake. Alikohoa akasogea mbele.

"Mama, mimi nakuheshimu, unajua. Lakini tangu jana nakwenda kuomba choo kwa wateja wangu. Mtu nimemnyoa upande mmoja, namwambia subiri, naomba ufunguo wa choo chako. Ni maisha hayo? Tumekubaliana sisi wote. Leo jioni choo kisipofanya kazi, tunahama. Na kodi tuliyowalipa mbele mtaturudishia."

"Wote?" Mama Pacha aliuliza.

"Wote."

Hapa sasa, wasomaji wangu, mngedhani mwanamke huyu angeangua kilio. Hakulia. Alicheka kidogo, akajifunga vizuri nguo yake kiunoni.

"Hakuna atakayehama," alisema. "Mnadhani tulijenga kwa kukurupuka? Siku tunachimba msingi wa nyumba hii, mimi na mume wangu tulitenga fungu la dharura. Tukaapa halitaguswa hata tukilala na njaa. Bomba likipasuka, paa likivuja, choo kikijaa, fungu lipo. Baba Pacha, leo ndiyo siku yake. Lilete. Tulipe gari, tulipe fundi, na Mama Cherehani tumkodishie chumba kizuri cha wageni yeye na magauni yake mpaka sakafu irudi."

Wapangaji walitazamana. Kinyozi akashusha mabega. Hata dereva alilitua bomba lake chini.

Mipango hakusogea.

"Nimesema lilete."

"Lipo," Mipango alisema.

"Najua lipo. Lipo wapi?"

Mipango aligeuza shingo. Akautazama tena ule mlango uliofungwa.

"Ndilo lile pale."

"Lipi?"

"Chumba cha sita. Chumba cha sita ndicho fungu la dharura."

Mama Pacha alipigwa na butwaa. Alimtazama mumewe, akautazama ukuta uliopakwa rangi nzuri ya krimu, akamtazama tena mumewe.

"Uliniambia matofali ulipewa na tajiri yako."

"Mabati ndiyo alinipa."

"Mabati yote?"

"Mawili. Yalikuwa yamepinda."

"Na mengine yote? Saruji, vigae, milango, ile rangi?"

"Fungu," Mipango alisema, na sasa alianza kuzungumza haraka haraka. "Nisikilize, mke wangu. Fedha zilikuwa zimekaa tu. Kila nikiziangalia, zimekaa. Nikawaza, hizi zikiwa chumba zitatuletea kodi kila mwezi. Dharura ikitokea, kodi ya chumba italipia hiyo dharura. Yaani fungu linajilisha lenyewe! Hata kazini niliwaeleza wakanipigia makofi."

"Na dharura ikitokea chini ya chumba chenyewe?"

"Hiyo haikuwemo kwenye mpango."

Msomaji mmoja ameniandikia kunilalamikia kwamba namwonea Mipango, eti ni mwanamume mchapakazi asiyekunywa wala kuhangaika na vimada. Ni kweli, hanywi. Nakuomba ndugu yangu usome hadi mwisho wa ukurasa huu, kisha uniandikie tena. Mimi mwenyewe niliposikia hesabu hiyo ya fungu linalojilisha nilitamani kuingia uani humo nimnyang'anye sururu.

"Nani alijenga?" Mama Pacha aliuliza.

"Unamjua."

"Nataka kulisikia jina likitoka kinywani mwako."

"Shemeji. Mdogo wako."

Mama Pacha alichukua simu. Mdogo wake huyo amemlea yeye, amemsomesha ufundi yeye. Hakusema salamu wala nini. Alisema, "Njoo kwangu na vifaa vyako vyote," akakata.

Fundi hakuchelewa, maana kazi yake ya siku hiyo ilikuwa mtaa wa pili. Alipoingia getini na kuona gari la maji taka, alisimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umejenga chumba juu ya mfuniko wa shimo?"

"Dada, mimi nilikataa."

"Lakini umejenga."

"Nilikataa mara mbili. Nikamwambia shemeji, hapa gari litanyonyea wapi? Hapa patabeba uzito gani? Akaniambia ni agizo lako. Akasema dada yako anakitaka chumba kabla hajarudi, na usimpigie simu kumsumbua, anauguza mgonjwa."

Mama Pacha aligeuka. Wapangaji wote waligeuka pamoja naye. Mipango alikuwa anachunguza mpini wa sururu kwa makini sana.

"Mimi?" Mama Pacha alisema. "Mimi nimeagiza?"

"Nilijua ukikiona utakipenda," Mipango alijibu. "Na ulikipenda. Ulisema krimu inapendeza."

Kama si dereva kuingilia kati, sehemu hii ya hadithi ingekuwa ya mazishi. Dereva alikuwa ameanza kulikunja bomba.

"Jamani, kesi zenu ni tamu, lakini gari langu likisimama linahesabu pesa sawa na likitembea. Nina nyumba nyingine inanisubiri, na ile mfuniko wao unaonekana."

"Huondoki," Mama Pacha alimwambia.

"Nani atalipa muda wangu?"

"Utalipwa."

"Kwa fungu lipi?" dereva aliuliza, na Kinyozi akashindwa kujizuia, akacheka.

Mama Pacha alikaza macho kwa mdogo wake. "Fundi. Njia nyingine hakuna?"

Fundi alizunguka nyuma ya chumba cha sita, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akapima udongo kwa kisigino. Akarudi.

"Ipo. Ukuta wa shimo uko karibu sana na msingi upande wa nyuma. Tukichimba kutokea nje, tukashuka kidogo, nikatoboa tofali la juu la shimo, bomba litaingia kwa pembeni. Sakafu ya Mama Cherehani haiguswi."

"Sasa muda wote huo ulikuwa unangoja nini kusema?"

"Nilikuwa naogopa, dada."

Wakachimba. Fundi alishika sururu, Kinyozi akavua shati lake jeupe la kazini akashika beleshi, na Mipango akakabidhiwa ndoo ya kutolea udongo, kwa amri ya mkewe, akiwa na shati lake la ofisini lenye kalamu mfukoni. Jua lilikuwa kali. Harufu, sitaieleza, maana wengine mnasoma gazeti hili mkiwa mezani. Kila mara Mipango aliposimama kunyoosha mgongo, Mama Pacha alisema neno moja tu, "Ndoo," naye akainama tena.

Hatimaye Fundi akaligonga tofali. Likatoka. Hewa iliyotoka humo iliwarudisha wote nyuma, lakini bomba liliingia, gari likanguruma, na baada ya muda kukasikika sauti ambayo wapangaji walikuwa wameitamani tangu jana: maji ya bafuni yalikuwa yanashuka.

"Yameondoka!" mtu alipiga kelele kutoka bafuni. "Jamani, yanakwenda!"

Watu walipiga vigelegele. Kinyozi alimkumbatia Fundi na matope yake. Mipango naye, hamtaamini, alisimama juu ya lundo la udongo akajipangusa jasho kama jemadari, akasema, "Si mnaona? Kila kitu kina njia yake."

Mama Pacha karibu atabasamu. Karibu tu. Alikuwa anamwangalia mdogo wake.

Fundi hakushangilia. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye mtaro, kichwa ameingiza kwenye lile tundu, anamulika ndani na tochi ya simu. Akakaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka alikwenda kuosha sururu, akaiosha, akaiosha tena ilhali ilikuwa safi.

"Sema," Mama Pacha alimwambia, akiwa amemfuata hadi kwenye bomba la maji.

"Dada, ukuta wa upande wa pili wa shimo umekwenda. Chumba kimeulalia mpaka umeingia ndani. Udongo wa chini ya vigae unaporomoka kidogo kidogo. Ndiyo maana shimo lilijaa upesi vile, nusu yake ni udongo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo chumba cha sita kivunjwe. Shimo jipya lichimbwe kule mbele, mbali na nyumba. Na Mama Cherehani asilale humo leo."

"Gharama yake?"

Fundi aliangalia chini. "Ni kama kujenga chumba, dada. Ila mwisho wake chumba hukipati."

Ningependa kuwaambia kwamba Mama Pacha alijikaza. Hakujikaza. Aliketi kwenye ukingo wa karo la kufulia, akashika tama, na hasira zikamjaa hadi masikio yakamwuma. Alijinyima nyama, alijinyima nguo, alivaa viatu vya mtumba vilivyomkataa, yote ili siku moja asimame apendapo na aketi apendapo. Siku hiyo ilikuwa imefika, na ilikuwa imedumu mwezi mmoja.

Mama Cherehani alipoelezwa, hakubishana hata kidogo. Mtu akiambiwa sakafu yake inaning'inia habishani. Alitoka na mikasi yake, akatoa mashine zake, kisha akawa anabeba gauni moja moja mikononi kama anavyobebwa mtoto mchanga, na kuyapeleka moja kwa moja chumbani kwa mwenye nyumba. Kitandani kwa Mama Pacha na Mipango akalazwa bibi harusi asiye na mwili, amejinyoosha, shela hadi miguuni.

"Nitalala humu humu nayo mpaka Jumamosi," Mama Cherehani alisema. "Na kodi yangu ya miezi iliyobaki naitaka yote. Sina ugomvi na wewe, mama. Naitaka tu."

"Haki yako," Mama Pacha alijibu.

Kisha akaingia jikoni, akafunga mlango, akachukua simu. Mipango alimfuata, akafungua mlango, akasimama hapo hapo mlangoni na matope yake.

Mnajua anampigia nani. Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye Mama Pacha angetoa meno yake yote asimpigie, na ndiye huyo. Simu iliita. Ikapokewa.

"Halo, madamu," Mama Pacha alisema. "Ni mimi. Yule wa mashine za mwisho."

"Aa," msimamizi alisema kwa sauti kubwa, hata Mipango aliisikia. "Yule wa nipige pasi mwenyewe."

"Madamu, naomba unisamehe. Nilisema vibaya. Naomba, kama kuna nafasi yoyote, hata ya kukunja, hata ya usiku..."

"Nafasi yoyote ya nini? Si nafasi yako ipo?"

Mama Pacha hakuelewa. "Ipo vipi?"

"Ipo. Hatujamweka mtu. Mumeo hakukwambia? Alikuja kesho yake asubuhi, wewe hata mate ya kunitukana hayajakauka. Akanisihi sana. Akasema, madamu, mshikie nafasi yake miezi mitatu, nyumba haijakaa sawa, lolote linaweza kutokea. Nikamwonea huruma. Njoo leo jioni, zamu ya saa kumi na moja."

Mama Pacha aliishusha simu hadi kifuani. Hakuikata. Alimtazama mumewe pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na sauti ya kupandisha.

"Ulikwenda kunishikia nafasi."

"Kwa tahadhari tu, mke wangu."

"Ulipojua fungu limekwisha."

"Mtu lazima awe na tahadhari."

"Kumbe ulikuwa nalo fungu la dharura siku zote," Mama Pacha alisema. "Kumbe ni mimi. Ni miguu yangu hii."

Mipango aliitazama miguu hiyo. Kisha akasema jambo ambalo, kwa haki, lazima niliandike. "Nilitaka ukae," alisema. "Nilikuwa nakuona ukirudi kazini unapanda kitandani kwa mikono. Nilitaka uwahi kukaa hata kidogo, hata kama mambo hayajakaa sawa."

Alisema kweli, nadhani. Hilo ndilo linaloudhi kuliko yote. Mwongo tungempiga mawe tukalala, lakini huyu anampenda mkewe na bado amemweka rehani.

"Halo?" msimamizi alisema kutoka kifuani pa Mama Pacha. "Upo?"

Mama Pacha alirudisha simu sikioni. "Nipo, madamu. Nafasi tunaichukua. Jioni anakuja."

"Anakuja nani? Si wewe?"

"Anakuja mwenyewe aliyeiomba."

Upande wa pili ukaangua kicheko. "Anajua kupiga pasi?"

"Atajifunzia kwenye mashuka yako," Mama Pacha alisema, na sasa ndipo akakata.

Nilitegemea Mipango abishe. Nilitegemea aseme mwanamume hawezi, karani hawezi, majirani watasema nini. Hakusema lolote kati ya hayo. Alisema, "Jioni siwezi."

"Una nini jioni?"

"Kuna mtu anakuja."

"Mtu gani?"

"Mpangaji."

"Mpangaji wa wapi? Vyumba vyote vina watu, na kimoja tunakivunja."

Mipango alianza kujipangusa matope kwenye suruali. "Wa chumba cha saba."

Hebu rudini nyuma mhesabu nami. Vilijengwa vitano, kikaongezwa cha sita, na cha sita kinavunjwa. Mama Pacha naye alihesabu, midomo ikimcheza.

"Hakuna chumba cha saba, Baba Pacha."

"Kilikuwa kijengwe. Kwa kodi ya huyo mpangaji mwenyewe. Amelipa ya nusu mwaka, mbele. Lakini pampu ya maji ikaungua, nikatoa kidogo. Upepo ukaezua paa la chumba cha tatu, nikatoa. Cha tano nacho kilikaa kitupu tulipokuwa tunapaka rangi, kodi haikuingia. Kila nilichopata kwa wapangaji kilirudi ndani ya nyumba hii hii. Hakikubaki kitu, mke wangu. Hakijawahi kubaki kitu."

"Hakijawahi?" Mama Pacha aliuliza. Alishika mlango. "Na ile faida ya kwanza? Ile uliyonitia mkononi ukasema tumefika? Ile niliyoachia kazi?"

Mipango alizidi kuipangusa suruali.

"Baba Pacha. Ile ilitoka wapi?"

"Ndiyo iliyobaki kwenye kodi yake," Mipango alisema. "Ya chumba cha saba."

Mama Pacha hakumpiga, wala hakupiga kelele. Alikuwa bado amesimama hapo, akijaribu kuuweka sawa kichwani ule mwezi wake mmoja wa kukaa, na kwamba umelipiwa na mtu asiyemjua, pale getini palipogongwa.

"Hodi wenyewe!"

"Amewahi," Mipango alinong'ona.

Getini palisimama mwanamke mmoja, jasho linamtiririka, na nyuma yake mkokoteni uliobeba kitanda, godoro, meza, masufuria ndani ya beseni, na kabati lililofungwa kwa kamba. Alikuwa anatabasamu. Kinyozi na wapangaji wengine, waliokuwa bado uani wakifurahia vyoo vyao, walimtazama bila kuelewa.

"Samahanini, nimekuja mapema kidogo," alisema. "Kule nilikokuwa nimeshawarudishia funguo, na mwenye nyumba ameshaingiza mtu mwingine. Nilimlipa baba mmoja wa dukani, mpole hivi. Chumba cha saba ni kipi?"

Mama Pacha alitoka jikoni. Alipita katikati ya watu hadi getini, akausukuma mlango wote wazi, akamsaidia mwenye mkokoteni kuvusha gurudumu kwenye kizingiti.

"Karibu, dada yangu," alisema. "Ingia. Uliyemlipa yupo, atakuonyesha mwenyewe."

Kisha akalifunga geti, akatia kufuli, na ufunguo akautumbukiza kifuani, kwa sababu Mipango alikuwa ameshaanza kutembea kando ya ukuta kuelekea nje.